Mguu wa Kulia wa Mzee Ishaq

Kibokoni, pale ambapo kichochoro kinachopanda kutoka bandari ya zamani hukutana na njia ya msikitini, pana baraza mbili zinazotazamana, na nafasi baina yake ni ndogo kiasi kwamba aliyeketi huku akinyoosha miguu humgusa aliyeketi kule. Kivuli hufika hapo baada ya alasiri, na Karisa muuza kahawa hufika pamoja nacho, na dele, yaani birika lake la kahawa, na jiko lake la makaa. Wanaoketi ni wale wale, nami nikiwa mmoja wao. Kuna Abdulghafur, aliyesoma mita za maji za mji huu miaka thelathini na moja, akastaafu na jina la Mita. Kuna Saifuddin, ambaye duka lake la vifaa vya ujenzi sasa linaendeshwa na wanawe, naye tunamwita Skrubu. Kuna Chengo, fundi wa umeme, yaani Fyuzi. Na kuna Mzee Ishaq mshona kofia, ambaye hana jina la utani kwa sababu hajapata kusema neno la kumpatia. Wenzake hubishana, yeye hushona, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka ishirini na zaidi. Lakini Ijumaa hiyo ninayoisimulia, yeye ndiye aliyekuwa jambo lenyewe, au tuseme mguu wake wa kulia, uliokuwa umenyooshwa katikati ya njia mbele ya watu wote.

Siku tisa kabla ya hapo, Ishaq aliinuka barazani kwenda kuswali magharibi, na wayo wake ukakataa kumfuata. Hakuanguka. Kidole gumba kilijikwaa kwenye jiwe, kandambili ikamtoka, naye akadhani ni ganzi ya kawaida ya mtu aliyekaa sana. Ganzi hiyo haikwisha. Tangu siku hiyo, akitembea hulazimika kulinyanyua goti juu kama mtu anayevuka kizingiti kisichokuwapo, kisha wayo hushuka wenyewe na kupiga chini, pa. Tukawa tunamjua kwa sauti hiyo kabla hajatokea kwenye kona. Zahanati walimpima shinikizo la damu, wakampa vidonge vya vitamini na barua ya kwenda hospitali kubwa. Barua ilikuwa bado mfukoni mwake.

Fyuzi, kwa moyo wake mwema na haraka yake, alikuwa amempigia simu Zahida, binti yake Ishaq aliyeolewa Malindi, akamwambia kwamba babake amepata kiharusi. Zahida alilia, kisha akapanga. Jumamosi, siku moja baada ya Ijumaa hiyo, saa tatu asubuhi angekuja na gari, apakie nguo na godoro la babake, na ufunguo wa chumba chake cha juu urudishwe kwa mwenye nyumba. Ishaq hakukataa. Alisema tu kwamba huko Malindi hamjui mtu atakayemwacha anyamaze.

Kwa hiyo mabishano ya siku hiyo hayakuwa ya kupitisha wakati. Ikiwa ni kiharusi, kesho baraza itakuwa na nafasi tupu. Ikiwa si kiharusi, basi ni nini, na nani atamwambia Zahida?

Mita ndiye aliyeanza, kwa sababu yeye alikuwa tayari amechukua hatua. Alieleza, kwa mara ya nne wiki hiyo, kwamba katika nyumba zote alizoingia hakuona bomba la juu lililokauka kwa kosa la bomba lenyewe. Kosa huwa la nguvu inayosukuma. Damu ya Ishaq inatoka moyoni vizuri, inafika gotini imechoka. Na dawa ya maji yaliyochoka inajulikana na kila mtu anayemwagilia maua: unaubana mpira kwa kidole, na maji yanaruka mpaka kwa jirani. Ndiyo maana Jumanne alimfunga Ishaq bendeji chini kidogo ya goti, akaikaza kwa mikono yake mwenyewe, na kila siku alikuwa akiongeza mzunguko mmoja.

— Na umeona nini tangu Jumanne? Skrubu akauliza.

— Bado sijaikaza vya kutosha.

Fyuzi alikuwa amechuchumaa, kiganja chake juu ya wayo wa Ishaq. Akasema wayo una joto. Kama damu haifiki, joto hili limetoka wapi, limekodiwa? Maji yapo, akasema, kilichokosekana ni umeme. Na hapo alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua, lakini hakukaa hapo. Alitueleza kwamba mwili wa mtu hukusanya umeme mchana kutwa, na zamani umeme huo ulishuka ardhini kwa sababu watu walitembea peku juu ya mawe. Ishaq amevaa kandambili za mpira miaka arubaini. Umeme hauna pa kwenda, umejaa mguuni, umeunguza. Jumatano alikuwa amemfunga Ishaq waya wa shaba kwenye kifundo cha mguu na kuupeleka mpaka kwenye msumari uliopigiliwa baina ya mawe ya njia. Msumari alitoa Skrubu. Ishaq alikaa na waya huo tangu alasiri mpaka magharibi, akishona, na watoto wa chuo cha Kurani walipita wakiuruka kwa adabu.

— Na wewe umeona nini tangu Jumatano? Mita akauliza.

— Mchanga wa chini ni mkavu. Ardhi ikiwa kavu haipokei.

Skrubu alikuwa hajatoa rai yake wiki nzima. Ni mtu anayependa kupima kabla ya kunena, na alipokuwa dukani alikuwa hamuuzii mtu komeo bila kumuuliza upana wa mlango. Siku hiyo alikuja na kitu kizito kilichofungwa katika gazeti, akakiweka mapajani. Akamuuliza Ishaq kama anakumbuka mwaka ambao sindano ilimvunjikia kwenye kidole gumba cha mkono. Ishaq akasema zimemvunjikia nyingi. Skrubu akasema hapana, ile moja ambayo ncha yake haikuonekana. Ishaq akafikiri, akakiri kwamba ilikuwako, yapata miaka kumi na tano.

— Basi, Skrubu akasema. Chuma ni chuma. Mimi nimeishi nacho. Ukikiweka juu kinateremka. Ile ncha imeingia kwenye damu, imepita bega, imepita mbavu, imefanya safari ya miaka kumi na tano, na wiki iliyopita imefika.

Kila mmoja wetu aliwahi kusikia kisa cha sindano iliyotembea mwilini, na kila mmoja alikisikia kwa mtu aliyekisikia. Skrubu akafungua gazeti. Ndani yake mlikuwa na sumaku ya spika kuukuu, kubwa kama sahani ya kikombe.

Wakampandisha Ishaq mguu juu ya baraza. Mita akashika kisigino, Fyuzi akalitandaza pindo la kikoi juu ya goti kwa ajili ya heshima, na Skrubu akaanza kuipitisha sumaku polepole kuanzia vidoleni.

— Kaa hivyo hivyo, Ishaq. Usiutikise.

— Siutikisi. Hautikisiki.

Juu ya vidole hapakuwa na kitu. Juu ya wayo hapakuwa na kitu. Sumaku ikapanda kwenye muundi, polepole, na Karisa akaacha kumimina. Ilipofika gotini iliruka mkononi mwa Skrubu, ikanasa, ta. Skrubu hakutabasamu, alikuwa na uso wa mfanyabiashara ambaye bidhaa yake imethibitika. Mita akasema subhanallah kwa sauti ya chini. Fyuzi akaomba kalamu, ili mahali hapo patiwe alama na madaktari wasipasue zaidi ya inavyohitajika.

Ishaq akainama, akaisogeza sumaku kando kwa kidole kimoja, akaingiza mkono kwenye pindo la kikoi chake, akatoa sindano yenye uzi mweupe.

— Hii naitafuta tangu Jumapili, akasema.

Skrubu alisema kwa upole kwamba hiyo haikanushi ile nyingine.

Hapo mtu mmoja alicheka, na hakuwa wa barazani. Alikuwa amesimama nyuma ya jiko la Karisa, kikombe mkononi, mfuko wa leso mpya za Biashara Street umening'inia kwenye kiwiko. Alipoona tumegeuka aliomba radhi. Karisa akatuambia ni mpwa wake, Kenneth Kiti, mtu wa Kaloleni, afanyaye kazi hospitalini, amekuja mjini kumnunulia mamake leso na kupita kumsalimu mjomba.

— Daktari? Mita akauliza, na mkono wake ukaenda kwenye bendeji kama anayetaka kuificha au kuionyesha, hakujua ipi.

— La, mzee wangu. Mimi nafunga plasta. Mtu akivunjika mguu, wakishamnyoosha mfupa, analetwa kwangu.

Aliweka kikombe chini, akamwomba Ishaq ruhusa, akapiga magoti njiani. Jambo la kwanza alilofanya ni kuifungua bendeji. Aliifungua bila haraka, mzunguko baada ya mzunguko, na ngozi iliyokuwa chini yake ilikuwa na mistari kama mkeka. Akauliza nani aliyefunga. Mita akasema ni yeye.

— Umefunga vizuri sana, Kenneth akasema. Wengine wamesoma mwaka mzima na hawafungi hivi. Ila hapa ndipo mahali pa pekee mguuni ambapo hapafai kufungwa.

Kisha akakaa juu ya visigino vyake, akatutazama sote, akauliza swali ambalo sisi tulidhani ni la utangulizi tu.

— Mzee Ishaq akishona, hukaaje?

Mita akasema hukaa kama watu. Fyuzi akasema huteremsha miguu chini, au pengine huikunja, inategemea. Skrubu akasema hukaa upande wa mlangoni, kwa ajili ya mwanga, na mkebe wa nyuzi huuweka kushoto. Kenneth akasema hayo ni mahali anapokaa, yeye anauliza namna. Tukatazamana. Miaka ishirini na zaidi tumekaa na mtu huyu alasiri zote ambazo mvua haikutuzuia. Tunajua dawa anazokula, tunajua jina la mama wa marehemu mkewe, na hapakuwa na mmoja wetu aliyeweza kusema miguu ya Ishaq huwa wapi. Akaulizwa mwenyewe.

— Nakaa tu, akasema.

— Basi kaa tu, mzee, tuone.

Wakampa kofia yake aliyokuwa hajaimaliza na ile sindano iliyopatikana. Ishaq akakaa wima, miguu pamoja, kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Kenneth akatikisa kichwa. Akamwambia mjomba wake amimine kahawa, na akatuomba sisi tuendelee kubishana kama kwamba yeye hayupo. Si jambo rahisi kubishana kwa kuombwa. Fyuzi alianza bila moyo, akasema sumaku ya spika haina nguvu ya kufika ndani ya nyama. Skrubu akamuuliza ameijua lini nyama. Mita akasema wote wawili hawajui kitu kuhusu mikondo, na kabla dakika tatu hazijapita tulikuwa tumeshasahau kwamba tunatazamwa.

Ishaq alikuwa akitoboa vile vitundu vidogo vya kofia, kimoja kimoja, na kukizungushia kila kimoja uzi. Cha kwanza akakimaliza. Cha pili. Cha tatu. Kwenye cha nne mkono wake wa kulia ulishuka, ukashika chini ya paja la kulia, ukaunyanyua mguu na kuukunja juu ya goti la kushoto, na upande wa nje wa goti la kulia ukalala juu ya mfupa wa goti lile jingine. Kofia ikatua juu ya muundi kama juu ya meza. Uso wa Ishaq haukubadilika. Hakujua kama ameukunja.

— Hapo, Kenneth akasema.

Alimzuia asiukunjue mguu. Akaweka kidole upande wa nje wa goti, chini kidogo, penye kinundu cha mfupa mwembamba unaokwenda sambamba na muundi, na akagonga polepole kwa ncha ya kidole, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa. Ishaq alishtuka.

— Mshtuko umeenda wapi? Kenneth akauliza.

— Mpaka huku. Ishaq akaonyesha mgongo wa wayo. Kama umeme.

Fyuzi akatutazama mmoja mmoja.

Kenneth akaomba ile kalamu ya risasi ambayo Ishaq huchorea mapambo ya kofia, na akamwuliza kama anaruhusu kuandikwa mguuni. Kisha akatuchorea. Kutoka kiunoni, akasema, hushuka mshipa mmoja wa fahamu, mnene kama kidole chake kidogo, unapita makalioni na nyuma ya paja. Kabla ya kufika nyuma ya goti unagawanyika. Tawi moja hushuka moja kwa moja, limejificha ndani ya shavu la mguu, linazunguka nyuma ya kifundo upande wa ndani na kuingia chini ya wayo. Hilo ndilo linalokusukuma unapotembea, linalokusimamisha juu ya vidole, na kukuambia kama umekanyaga mchanga au zulia. Tawi la pili hutoka nje. Kalamu ikaenda pembeni, ikazunguka shingo ya ule mfupa mwembamba. Hapa, akasema, halina nyama juu yake wala mafuta. Ni ngozi, mshipa, mfupa. Likishapita hapo hugawanyika tena: sehemu moja huzama mbele, kando ya muundi, nayo ndiyo inayonyanyua wayo na vidole, nyingine hufuata upande wa nje, huugeuza wayo nje, na kuupa hisia mgongo wake.

Akamfumba Ishaq macho kwa pindo la leso mpya, akaanza kumgusa kwa uzi. Chini ya wayo, Ishaq akasema ndiyo kila mara. Upande wa ndani wa muundi, ndiyo. Hapo, Kenneth akatuambia, panalishwa na mshipa mwingine kabisa unaotoka mbele ya paja. Ukingo wa kidole cha mwisho, ndiyo. Mgongo wa wayo, kimya. Baina ya kidole gumba na cha pili, kimya. Kila penye kimya alipiga rangi hafifu kwa kalamu, na alipomaliza tuliona kwamba ganzi ya Ishaq haikumwagika ovyo kama tulivyodhani. Ilikuwa na mipaka, kama shamba lenye mwenyewe.

Akamwambia asimame kwa vidole, Ishaq akaweza, akimshika Mita bega. Asimame kwa visigino. Mguu wa kushoto ukaweza, wa kulia ukabaki chini. Akamkalisha, akamwambia ageuze wayo utazame ndani. Ukageuka. Hilo lilimfurahisha Kenneth zaidi ya yote, na tulipomuuliza kwa nini, alisema msuli wa kugeuza ndani hupokea amri kwa lile tawi lililojificha. Kama kosa lingekuwa juu kiunoni, huenda huo nao ungedhoofika.

Wakati huo wote watu walikuwa wakijitafuta. Mita alikuwa amepandisha suruali mpaka gotini, Skrubu amejipapasa juu ya nguo kwa staha, Fyuzi ameshajigonga mara tano na kuruka mara moja. Mama mmoja aliyepita na kikapu alitoa salamu bila kugeuza uso.

— Mimi nilisema ni waya, Fyuzi akasema hatimaye.

— Ulisema kweli, ami. Ila haukuungua. Umekaliwa.

— Lakini fundi gani anapitisha waya nje namna hiyo, bila bomba, juu ya pembe ya mfupa?

Mita akamwambia achunge ulimi. Skrubu akasema si ajabu. Umetoka nyuma ya mguu na kazi yake iko mbele. Lazima upite mahali, na penye bawaba ya mlango kila kitu hupita nje. Nikafikiri maneno hayo kwa muda. Kisha Skrubu huyo huyo, ambaye hapendi jambo kumalizika kabla ya kupimwa, akaleta pingamizi ambayo sisi wengine hatukuiona. Ishaq amekaa hivyo miaka arubaini. Kwa nini mguu umelala wiki iliyopita, usilale mwaka juzi?

Kenneth akamwuliza Ishaq kama amepungua mwili. Ishaq akasema kidogo. Mita akasema si kidogo, aliugua tumbo mwezi mzima, na alipopona kikoi kilikuwa kikimzunguka mara mbili. Na baada ya kupona, Ishaq akaongeza, alikuwa na kofia zilizomchelewa, basi akawa anashona tangu asubuhi.

— Yale mafuta machache yaliyokuwa hapa ndiyo yaliyokuwa mto wake, Kenneth akasema, kidole chake bado juu ya kinundu. Yamekwenda. Halafu ukakaa zaidi. Halafu, mguu ukiwa umeshalala, mzee huyu kwa mapenzi akaukaza kwa bendeji.

Mita alitazama chini. Kenneth akaliona hilo, na nadhani ndiyo sababu alitueleza lililofuata, kwa sauti ya mtu ambaye amelisema mara chache. Miaka tisa iliyopita, akiwa bado mgeni kazini, kulikuwa na foleni ndefu, na alimfunga mama mmoja plasta ya mguu mzima bila kuweka pamba mahali hapo. Pamba ya upana wa vidole viwili tu ingetosha. Plasta ilipofunguliwa, mama yule hakuweza kunyanyua wayo kwa miezi minne. Daktari aliyenikaripia nimemsahau jina, akasema. Mama yule naitwa kwake kila mwaka sikukuu. Anaitwa Purity. Alitembea, lakini mimi mpaka leo nikiingia nyumbani kwake husikiliza kwanza hatua zake.

Mita aliichukua ile bendeji, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni mwake.

Ishaq, ambaye mpaka hapo alikuwa ameulizwa tu, akauliza. Huu mguu utarudi lini? Kenneth akasema hawezi kuapa. Ikiwa mshipa umebanwa tu, ni wiki kadhaa, pengine miezi miwili. Ikiwa nyuzi za ndani yake zimekatika, huota upya kutoka pale zilipokatika kuteremka chini, kwa mwendo wa milimita moja kwa siku au karibu na hapo. Ishaq akachukua utepe wake wa kupimia, akauweka kwenye kinundu, akaushusha mpaka kwenye kifundo.

— Mia tatu na thelathini.

— Miezi kumi na moja, Fyuzi akahesabu, na sauti yake ikaanguka.

— Kofia moja mimi huishona miezi mitatu, Ishaq akasema. Basi ni kofia nne. Si nyingi.

Jua lilikuwa limekwisha ondoka kwenye ukuta wa juu. Palibaki jambo moja, na wote walijua ni lipi, kwa hiyo kila mmoja akawa na kikombe cha kutazama. Mwishowe Fyuzi ndiye aliyetoa simu, akasema yeye aliyeharibu ndiye atakayetengeneza. Akaweka sauti ya wazi, akaiweka simu juu ya baraza. Zahida alipokea haraka, kama watu wanaongoja habari mbaya. Fyuzi akamsalimu, akaomba msamaha kabla ya kusema amekosa nini, akavuruga, na Ishaq akamwondolea taabu kwa kueleza mwenyewe: kuna kijana hapa wa hospitali, asema ni mshipa, umebanwa gotini, kwa namna ninavyokaa.

Zahida akataka kuzungumza na daktari. Kenneth akarudia kwamba yeye si daktari.

— Nikwambie nilichoona, dada. Uso wake uko sawa pande zote mbili. Mkono uko sawa. Ulimi uko sawa, ingawa naambiwa hautumii. Na ganzi iko pale pale panapolishwa na mshipa mmoja. Daktari ndiye atakayesema, na lazima amwone upesi, wampime mishipa kwa mashine, wampe na kishikizo cha kuunyanyua wayo asijikwae. Lakini kama angekuwa mamangu, nisingemhamisha nyumba kwa ajili ya hili.

Upande wa pili ulisikika mlio wa pikipiki ya Malindi ukipita.

— Kesho nakuja vile vile, Zahida akasema. Lakini nitampeleka hospitali. Godoro liache lilipo.

Mita akashusha pumzi. Skrubu akaanza kusema alhamdulillahi, lakini Zahida hakuwa amemaliza.

— Ngojeni kwanza, ami zangu. Kijana asema ni kwa kukaa. Na huyo nikimrudisha hapo atakaa, na atashona, na nyinyi mtabishana. Sasa nani atakuwa akiutazama mguu wake?

Lilikuwa swali dogo. Skrubu alikuwa na rai kuhusu mkanda wa ngozi na ndoano, akaianza, ikamfia njiani. Kenneth hakusaidia, halikuwa swali lake. Kila mtu alikuwa akiitazama simu, kama kwamba jibu lingetoka huko huko lilikotoka swali.

Ishaq alikuwa ameichukua kofia yake. Alikuwa kwenye kitundu cha tano au cha sita, kichwa kimeinama, na mguu wa kulia ulikuwa juu ya goti la kushoto, umekunjwa, na michoro ya kalamu imeelekea kwetu.

Mita ndiye aliyeuona. Hakumsemesha. Aliinama, akaushika mguu chini ya shavu kwa kiganja, akauteremsha taratibu mpaka wayo ukagusa jiwe. Sindano haikusimama.

— Ami? Zahida akaita. Mbona kimya, mpo?

— Tupo, Mita akasema, na mkono wake hakuutoa.